Nilidhani Naongea na Mjomba

Nawataja kwanza waliokuwepo, ili kesho mkisikia kisa hiki sokoni kutoka kwa mtu asiyekuwa kwenye orodha, mjue anasimulia ya kusikia. Nilikuwepo mimi, Skola. Alikuwepo mdogo wangu Filbert, anayefanya kazi kiwanda cha Mzinga. Alikuwepo jirani yangu Mama Zubeda na sufuria zake. Kutoka Gairo walikuja Mzee Yeremia, Shangazi Tabita, na wazee wawili ambao kazi yao ilikuwa kuitikia. Alikuwepo mshenga, Bwana Hamisi, na dereva aliyewaleta. Mdogo wetu wa mwisho, Anastazia, tunayemwita Ana, mwenye shughuli yake, alifichwa nyumbani kwa Mama Zubeda kama inavyotakiwa, lakini dirisha la kule linatazama sebule yangu, kwa hiyo naye mhesabuni. Jogoo alikuwepo, juu ya mparachichi. Mjomba Klementi hakuwepo, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia.

Leo aibu imenitembelea, jamani. Tena imekuja na kiti chake.

Mnaonijua mnajua historia yangu, sitairefusha. Wazazi walipotutoka nilikuwa darasa la sita. Nikaacha shule, nikashika jembe katika shamba la mama kule mlimani, nikauza karoti na kabichi, Filbert na Ana wakasoma. Filbert alishamaliza. Ana yuko chuo cha uuguzi, amebakiza mwaka mmoja. Katikati ya hapo akapata mchumba, Yohana wa Gairo, kijana mpole, sina neno naye. Leo ndugu zake walikuwa wanakuja kuchukua jibu la posa.

Mshenga alishaninong'oneza kwamba wenzetu wanataka harusi mara tu mahindi yakishavunwa. Mimi nilitaka kitu kimoja, Ana amalize chuo kwanza. Ni kitu kimoja tu, lakini nilikuwa naogopa kukisema. Wageni wakikasirika, wakanyanyuka, wakaondoka, mdogo wangu nitamtazamaje usoni? Anampenda yule kijana mpaka anaunguza wali. Halafu (hapa ruksa kuanza kutabasamu) mimi mwenyewe sijawahi kuposwa. Nilikuwa nasahihisha mtihani ambao sijaufanya.

Sasa, kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na neno la posa ni la mjomba. Mjomba Klementi anaishi juu kabisa, kijiji cha misheni, na wiki hii aliteleza kwenye migomba yake akateguka goti. Kushuka hawezi. Ukimpigia, simu inakatika mkiwa bado kwenye salamu. Lakini ujumbe hupita, polepole, akijikongoja mpaka kwenye jiwe moja nyuma ya kanisa ambako mtandao unashika. Mwanawe alishamnunulia simu ya kupangusa. Nikabaki mimi na kitochi changu cha vitufe.

Asubuhi Filbert akaja na simu yake ya zamani, kioo kina ufa kama mto Ngerengere. Akasema leo naingia kwenye kuchati, nitake nisitake, ili mjomba atume neno lake kwa sauti na wageni walisikie. Akaweka kila kitu. Zikabaki namba za kuthibitisha, ambazo ziliingia kwenye kitochi, na kitochi kilikuwa mkononi mwangu.

"Nisomee hizo namba, dada."

"Siwezi. Imeandikwa hapa nisimpe mtu yeyote."

"Mimi ni Filbert."

"Na wao huanza hivyohivyo."

Mnacheka, lakini mwaka jana mtu alinipigia akajiita mtoto wa shangazi yangu, na mimi sina shangazi. Nikampa Filbert mgongo, nikaziandika mwenyewe, nikakosea, nikarudia, zikakubali. Ile simu iliniamini kabla mimi sijaiamini. Kisha akataka picha ya kuweka pale mbele. Nikaenda kuchukua kabichi kubwa kuliko zote, nikapiga nayo. Filbert alisema hapa si mnadani. Picha ikabaki.

Akanionyesha. Nibonyeze penye kipaza sauti, nisiachie, niongee, nikimaliza niachie. Akamtumia mjomba shikamoo, akanionyesha jina lake limekaa juu kabisa kwenye orodha, akaniambia huyu wa kwanza ndiye mjomba, we ongea naye tu. Kisha akaondoka kwenda mjini kuleta soda na mkaa.

Alipotoka tu, simu ikalia. Nikatazama. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa na picha ya mlima uliofunikwa na wingu, na jina lake limeandikwa "Familia". Nikajiuliza, katika familia yangu anayeishi mlimani ni nani? Sikuhitaji kuambiwa. (Shikeni hapo.)

Nikabonyeza. Nikaanza kwa adabu, kama nilivyolelewa. Shikamoo mjomba. Nikanyamaza kidogo kumwachia nafasi ya marahaba. Habari ya goti. Nikanyamaza. Habari ya mama mdogo, habari za mbuzi, habari ya ule mgomba uliokuangusha, umeshaukata? Kila swali na nafasi yake ya jibu. Nilipoachia, kidole kilikuwa kimekufa ganzi.

Mjomba hakujibu, lakini vile vialama viwili pembeni vikageuka rangi ya bluu, na Filbert alikuwa ameniambia maana yake umesikika. Nikapata nguvu. Nikamweleza shida ya kwanza, viti. Nyumba yangu ina viti viwili na kigoda. Mama Zubeda alikuwa ameniahidi vyake, lakini jana vilikwenda msibani na msiba haujaisha. Na katika vile viwili vyangu, kimoja ni kile cha marehemu baba, ambacho mguu wake mmoja nimeufunga waya. Nikamwambia mjomba, nikiri tu kwenu, maneno haya: nasikia kuna shangazi wa huyo kijana, mama mmoja mwenye mwili wa kutosha, na mdomo wa kutosha pia. Huyo akikalia kile cha waya tumekwisha. Nitamwekaje mtu kwenye kigoda na amekuja kuposa?

Safari hii nikapata jibu. Si sauti, ni vile vinyago vya sura vidogo, vya njano, vimejipanga mstari, vyote vinatiririka machozi.

Moyo ukaniuma. Nikasema maskini mjomba, analia kwa ajili yetu.

Kikaja kingine kinacholia, kutoka namba nyingine. Kikaja na kidole gumba, kutoka namba nyingine tena. Hilo nalo halikunishtua. Mlimani kila mtandao unashika upande wake, na watu wa kule huwa na laini za kila aina. Nikamwona mjomba juu ya jiwe lake, na goti lile, anabadilisha laini moja baada ya nyingine ili tu anifariji. Nikampenda zaidi.

Basi nikamwaga kila kitu. Jogoo alitoroka nilipomwonyesha kisu, akaruka juu ya mparachichi, na huko aliko anawika kwa kunikomoa. Nikamripoti. Ana amebadilisha kitenge mara nne na sasa hivi anataka nilichovaa mimi. Nikamripoti. Nikasema watu wa Gairo wamezoea tambarare, wakiona mlima wetu huu watauliza aliyejenga ukuta ni nani. Nikacheka mwenyewe, na kicheko nacho kikaenda, maana sikuwa nimeachia kidole. Kila nilipotuma, mjomba alilia upya.

Mwisho nikamwambia, mjomba, sasa nisikilize nikifanya mazoezi ya lile neno lenyewe. Nikasimama katikati ya sebule, nikakiambia kile kiti cha waya, "Wageni wetu wapendwa, karibuni." Nikakwama. Nikaanza tena kwa sauti nzito kama ya katekista. Nikakwama palepale. Mara ya tatu nikaketi. Nikasema tu, bila sauti ya mtu yeyote:

"Mjomba, mimi nitashindwa. Niliacha shule ili hawa wawili wasome. Nikimtoa Ana kabla hajamaliza, nitakuwa niliiacha bure. Lakini akimkosa huyu kijana kwa ajili yangu, hilo nalo sitaliweza. Niambie niseme nini."

Nikaachia kidole. Vialama vikawa bluu. Hakuna kinyago kilichokuja. Nilisubiri nikakata tamaa, nikaenda kumenya vitunguu.

Filbert alirudi jua limeshapanda, bado anashusha soda, gari likapiga honi barabarani. Mama Zubeda akajifunga khanga vizuri, mimi nikajifuta mikono, tukatoka kupokea wageni.

Walikuwa wanapandisha njia yangu kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, na kila mmoja alikuwa na kiti kichwani.

Naomba muwaone kama nilivyowaona. Mzee Yeremia mbele, koti jeusi, tai, na kiti cha plastiki cha bluu juu ya kichwa. Wazee wawili, viti viwili. Bwana Hamisi, kiti. Dereva, kiti. Nyuma kabisa Shangazi Tabita, mwili wa kutosha kama nilivyosikia, kiti chake kichwani hakishikiliwi na mkono hata mmoja, na begani mkoba.

Kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba labda ndiyo desturi ya Gairo. Nikamwambia Mama Zubeda kwa sauti ya chini kwamba wenzetu wana mila nzuri. Nikapiga goti, nikawapa shikamoo zao, wakaitika, wakaweka viti chini. Mzee Yeremia akanyoosha mgongo, akainua macho taratibu kwenye mparachichi, akayazungusha kati ya matawi.

"Bado hajashuka?" akauliza.

Nikasema bado. Nikasikia nilichojibu.

Shangazi Tabita akafungua mkoba wake, akatoa waya mpya, umezungushwa vizuri, akaniwekea kiganjani.

"Wa kile kiti cha marehemu baba," akasema. "Huo mlioufunga usije ukawa umechoka. Maana mimi nina mwili wa kutosha."

Filbert akaninyang'anya simu. Nilimwona akisoma, anapandisha kwa kidole, anapandisha, anapandisha, halafu akaketi chini pale pale kwenye majani. Ile Familia, jamani, haikuwa mjomba. Ilikuwa grupu. Bwana Hamisi aliianzisha asubuhi hiyohiyo, akaweka picha ya mlima kwa heshima yetu wenyeji, akatuma salamu ya karibuni, na ile salamu ndiyo iliyoipandisha juu kabisa na kumsukuma mjomba chini. Ndani alikuwepo Bwana Hamisi, Mzee Yeremia, Shangazi Tabita, wazee wa kuitikia, na mimi na kabichi yangu. Vile vinyago havikuwa vinalia kwa huzuni. Filbert alinieleza kinacholia kwa huzuni ni kingine.

Ujumbe wa viti uliwakuta bado Gairo, wanamsubiri Mzee Yeremia atafute tai. Kanisa lao liko mlango wa pili, wakaazima viti sita, wakavifunga juu ya gari. Mengine yote waliyasikiliza njiani, dereva akiwa ameunganisha simu na spika za gari. Yule jogoo walikuwa naye tangu Dumila.

Nilitamani mlima uteremke unifunike. Mama Zubeda, ambaye nilidhani ni wa upande wangu, alikuwa ameingiza khanga mdomoni na mabega yanamtikisika. Kutoka dirisha la kwake nikasikia mtu akipiga chafya ya uongo, na namjua mwenye chafya hiyo, nimemlea.

Tukaingia ndani. Viti vya bluu vikapangwa. Shangazi Tabita akavipita vyote, akaenda moja kwa moja kwenye kile cha waya, akageuka, akajishusha. Polepole. Kiti kikalia kidogo. Kikanyamaza. Kikashika.

"Baba yenu alinunua mti mzuri," akasema, akajiegemeza.

Wazee wawili wakaitikia.

Mzee Yeremia akakohoa, akasema kwamba kwa kuwa salamu zetu wamezipokea tangu asubuhi, tena na za mbuzi, basi wangependa kusikia neno la mjomba. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba aibu yote ile ilikuwa bado ni utangulizi. Neno la mjomba sikuwa nalo. Asubuhi nzima nilikuwa namwomba neno mtu ambaye hakunisikia. Filbert akafungua penye mjomba mwenyewe. Palikuwa na ile shikamoo moja, na kialama kimoja cha kijivu.

Bila mjomba hakuna jibu, na jua lilikuwa linakwenda, na Gairo si karibu. Mzee Yeremia alitazama saa yake bila kuitazama, kama watu wenye adabu wanavyofanya. Nikasema tule kwanza. Tukala wali na maharage, maana mnajua kitoweo kilikokuwa.

Shangazi Tabita akanawa mikono, akanitazama.

"Mwanangu, yale ya kwenye simu tuliyasikia. Lakini posa haijibiwi na simu. Wakati tunamsubiri mjomba wako, hebu liseme lile la mwisho. Liseme mwenyewe, hapa, tukikuona."

Nikasimama. Hotuba ya katekista haikunijia, na sikuitafuta. Mikono nilikuwa nimeikunja kwenye kitenge.

"Ana atamaliza chuo kwanza," nikasema. "Akimaliza, mje mumchukue, na mimi mwenyewe nitampamba. Kabla ya hapo simtoi. Kama mnaweza kusubiri, mtakuwa ndugu zetu. Kama hamwezi, nitawasindikiza mpaka barabarani kwa heshima yote."

Nikabaki nimesimama. Sikujua mtu aliyesema lake anaketi saa ngapi.

Mzee Yeremia alikuwa amefungua mdomo ajibu, na simu ikalia. Filbert akaitazama, akalitazama tena jina, akaniangalia mimi, akabonyeza ule ujumbe wa sauti. Sauti ya Mjomba Klementi ikajaa sebule, upepo wa mlimani unavuma nyuma yake.

"Skola. Nimefika kwenye jiwe. Goti linaniua. Nimeona shikamoo moja tu tangu asubuhi, nikajua mmezidiwa. Sasa sikiliza, na wageni kama wapo wasikilize. Huyo mtoto ulimlea wewe. Utakalosema leo ndilo nililosema mimi. Nimemaliza." Ikafuata pumzi ndefu, tukadhani ujumbe umeisha. "Halafu Skola, viti. Usije ukamweka mtu kwenye kile cha baba yako."

Kila mtu alimgeukia Shangazi Tabita. Shangazi Tabita alikaa vile vile, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayepigwa picha. Kisha tumbo likaanza kumtetemeka, likafuata bega, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na nawaambieni, alifanana kabisa na vile vinyago.

Mzee Yeremia alisubiri vicheko vipungue. Akasema jibu lao walikuwa nalo tangu Dakawa. Nilipotuma lile la mwisho, dereva alisimamisha gari pembeni bila kuambiwa. Yohana mwenyewe walimpigia palepale, akasema atasubiri hata miaka mitatu. Mzee Yeremia akasema mwaka mmoja unatosha, huyo kijana asijifanye shujaa. Wazee wakaitikia, na safari hii waliitikia kwa kupiga makofi.

Kutoka nyumba ya Mama Zubeda kikapigwa kigelegele ambacho binti anayeposwa hatakiwi kukipiga. Tukajifanya hatukusikia.

Basi, Ana anamaliza chuo! Nimelisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya watu wazima, na likapita. Naomba mniruhusu nikae na hilo kidogo kabla hamjanirudisha kwenye mambo ya jogoo. Jogoo, kwa taarifa yenu, alishuka gari lilipowashwa injini. Yuko jikoni anakula punje za wali kama mgeni rasmi.

Wakati wa kuagana dereva alianza kubeba viti. Shangazi Tabita akamzuia. Akasema sasa tumeshakuwa watu wa utani, na mimi nimemsema mwili wake, mdomo wake na tambarare yao yote, kwa hiyo nina faini. Viti havirudi na gari. Vitarudi na mimi. Nivipeleke Gairo kwa mkono wangu, niingie navyo kwao kama wao walivyoingia kwangu, mbele ya ukoo mzima. Na cha saba kiwe kile cha waya, kwa sababu anataka watu wake wamwone akikikalia.

Nikauliza kama naweza kutoa jogoo badala yake. Akasema yule jogoo kwao ni mtu maarufu, haliwi.

Kwa hiyo leo nimeshinda, na ushindi wangu uko sebuleni, umejaza nyumba, napita ubavuubavu kwenda kulala. Kanisa la Gairo linavihitaji viti vyake kabla ya Jumapili ijayo. Kati yenu akiwepo anayepanda huko kufuata karanga, gari lake lina nafasi ya viti saba na mwanamke mmoja mwenye aibu, aniambie. Mpaka hapa nimeandika kwa kidole kimoja, na kabla ya kutuma nimesoma jina la grupu hili mara tatu.

Anayetaka kucheka anitumie kile kinyago kinacholia kwa huzuni. Nimeshajifunza kuvitofautisha.